Kengele: Ipo / Haipo

Fomu imeletwa na pikipiki ya afisa elimu kata:
kurasa kumi na moja, nakala tatu, wino wa bluu,
irudi wilayani kabla ya Ijumaa.
Mkuu wa shule yuko Mbeya kikaoni,
kaniachia mimi, mwalimu wa Kiswahili, wa Historia
na, tangu Machi, wa Baiolojia.

Umalila, saa mbili usiku. Jiko la mkaa miguuni.
Nje ukungu umelalia pareto.

Madawati: mia moja arobaini na mawili.
Mabovu: nimeandika tisa, nikafuta, nikaandika thelathini,
maana bovu ni lipi? Lile la Kidato cha Pili B
lina miguu mitatu na jiwe,
na jiwe halijawahi kutuangusha.
Matundu ya vyoo, wasichana: manne.
Wavulana: manne, moja tunaliogopa.
Maabara: ipo. Ina mlango, ina kufuli,
ina picha ya utumbo ukutani.
Maji: nimetafuta neno "mto", halimo,
nikatia vema kwenye "Mengineyo".

Nilikuwa nakwenda vizuri hadi ukurasa wa saba.
*Kengele: Ipo / Haipo. Kata isiyohusika.*

Tuna rimu ya lori.
Inaning'inia kwenye mkaratusi kwa mnyororo,
na nondo ya kuigongea inalala ofisini,
maana nondo ina bei.
Ikigongwa saa kumi na mbili na nusu
inasikika hadi ng'ambo ya bonde,
na watoto wa shule ya msingi kule nao wanatimua mbio;
wao hawana hata rimu,
mwaka wa nne huu wanaazima mlio wetu.

Ilitoka mteremko wa Mbalizi
siku lori la mbolea lilipokosa breki.
Fundi mmoja aliileta kwa mkokoteni,
akasema shule itumie, hakutaka hata soda.
Dereva alikuwa wa hapahapa, Asheri Nzowa.
Kila mtu anajua. Kwenye vikao vya wazazi
hulitaja neno "kengele" wakiangalia viatu vyao.

Na muhula huu zamu ya kugonga imemwangukia Sekela Nzowa,
Kidato cha Tatu, mrefu, sweta la kaka yake,
insha zake fupi, hazina neno la kufuta.
Nilitaka kumpa zamu nyingine, ya maua, ya chaki, yoyote.
Nilimwita nyuma ya stoo,
nikazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Akaningoja nimalize.

"Mwalimu, naijua," akasema.
"Ina ufa upande wa kushoto.
Ukigonga hapo inakoroma.
Mimi nagonga kulia."

Akaomba ruhusa, akaenda kuteka maji.

Kalamu imegoma kwa baridi, naipumulia.
Karatasi hii itashuka Mbeya, itasafiri Dodoma,
itakutana na za Kigoma, za Lindi, za Simiyu,
na kijana mmoja mwenye miwani, namfikiria ana mafua,
atatuingiza kwenye mstari wetu,
atajumlisha, ataenda kula.
Nikikata "Haipo", huenda tukaletewa ya shaba.
Nikikata "Ipo"... ngoja, nimechanganya.
Ukikata "Ipo" ndiyo unasema haipo.
Nimekata moja, nimefuta, nimekata nyingine, nimefuta,
hadi karatasi imetoboka palepale
na kupitia tundu naona ukurasa wa nane:
*Uzio: Upo / Haupo.*

Nimelala nimevaa koti.

Alfajiri, maji ya chai hayajachemka,
nimeisikia. Kulia. Kulia. Kulia.
Ng'ambo ya bonde mlango fulani umefunguliwa,
mtoto fulani amepigiwa kelele atafute kiatu.
Kulia. Kulia.

Halafu, mara moja tu, taratibu,
kushoto.